Boga la Nyumbani Mgeta: Kuchagua Mbegu kwa Ajili ya Afya ya Familia

Mtoto aliyeletwa kliniki siku ile alikuwa na umri wa miezi 11. Mama yake na bibi yake walikuwa wameshuka naye kutoka milima ya Mgeta, wilayani Mvomero, kwa sababu viganja na nyayo zake zilikuwa zimegeuka manjano. Jirani alikwisha kuwaambia kwamba ini la mtoto limeharibika. Nilimkagua. Alikuwa mchangamfu, uzito wake uliridhisha, na macho yake yalikuwa meupe kabisa. Mkojo wake haukuwa mweusi, wala choo chake hakikuwa cha rangi ya chokaa. Nikauliza analishwa nini.

"Boga," akajibu bibi. "Asubuhi boga, jioni boga. Analipenda, mwanangu."

Hali ile huitwa karotinemia. Boga lenye nyama ya rangi ya chungwa lina karotini nyingi, na mtoto anapolila kila siku, rangi hiyo hujikusanya kwenye ngozi, hasa viganjani, nyayoni na kwenye ncha ya pua. Haimdhuru. Mwili hugeuza karotini kuwa vitamini A kwa kadiri ya mahitaji yake, na ziada hubaki ngozini hadi ipungue yenyewe baada ya majuma kadhaa. Mhudumu wa afya atofautishe hali hii na umanjano wa ini kwa kutazama macho: katika ugonjwa wa ini weupe wa macho nao hugeuka manjano, ilhali katika karotinemia hubaki mweupe. Nikawaeleza hivyo, nikawashauri wamchanganyie mtoto na vyakula vingine, wakarejea kwao wametulia.

Ningeweza kuishia hapo, na pengine makala haya yasingeandikwa. Lakini msimu uliofuata bibi yule alirudi, akimleta mtoto kwa sababu nyingine, na kabla ya kuondoka akafungua furushi lake akanionesha kipande cha boga. Nyama yake ilikuwa nyeupe yenye kuelekea njano hafifu, tena yenye majimaji. "Mbegu ni ile ile ya mama yangu," alisema, "nimeitoa mwenyewe katika boga zuri. Sasa hii imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote ya kusomea udaktari bingwa wa watoto haikunifundisha kwa nini boga jekundu huzaa boga jeupe. Nililazimika kwenda kuuliza kwa wenzetu wa kilimo, na niliyojifunza yamebadilisha namna ninavyotoa ushauri wa lishe. Mtoto yule alikuwa akipata vitamini A yake kutoka katika mbegu moja mahususi, iliyohifadhiwa na mikono ya wanawake wa ukoo mmoja. Mbegu ile ilipobadilika, chakula chake kilibadilika, na hakuna mzani wa kliniki ambao ungetueleza jambo hilo.

Mgeta, penye mboga nyingi

Tarafa ya Mgeta iko upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Mashamba yake yamepanda kutoka takribani mita 1,000 hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mengi yamekatwa kwa ngazi ili udongo usiteremke na mvua. Tangu enzi za ukoloni watu wa huko wamekuwa wakilima mboga za nchi za baridi. Kabichi, karoti, njegere na viazi vya Nyandira, Langali na Tchenzema hupakiwa kwenye magari kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam. Kuna hata matunda kama vile tofaa, plamu na stroberi.

Mgeni hudhani kwamba watoto wa mahali kama hapo hawawezi kukosa lishe bora. Ukikaa nao zaidi utaona kwamba kilicho bora huenda sokoni, kwa kuwa ndicho kinacholeta ada ya shule na nauli ya hospitali. Kinachobaki jikoni ni ugali na kitoweo kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Takwimu hiyo imeshuka kutoka asilimia 34 katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, lakini bado ni takriban mtoto mmoja katika kila watatu, na baadhi yao wanaishi katika nyumba zilizozungukwa na mboga.

Boga ni la aina nyingine. Halipandwi kwa kusudi la gari la mzigo. Hupandwa nyuma ya jiko, penye majivu na samadi, au hutambazwa kwenye kingo za ngazi za shamba, na mara nyingi mwenye nalo ni mama au bibi. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi nyingi imerithiwa kwa njia hiyo. Mbegu za maboga nazo hupita humo humo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, zikiwa zimefungwa katika kitambaa. Kwa sababu halina bei kubwa, maofisa wengi hulipita bila kuliona. Nadhani hilo ni kosa, na ni kosa letu sisi watu wa afya kabla ya kuwa la watu wa kilimo.

Kilichomo ndani ya boga

Mmea huu hutoa vyakula vitatu. Majani yake machanga, yaani msusa, huwa tayari majuma machache baada ya kupanda, wakati ambapo ghala limepungua na mahindi bado ni mabichi. Nyama ya boga hufuata baada ya miezi mitatu au minne. Mbegu zake, zikikaangwa na kutwangwa, huwa na takribani gramu 30 za protini katika kila gramu 100, pamoja na mafuta mengi, zinki na chuma.

Kwa upande wa vitamini A, gramu 100 za boga la rangi ya chungwa lililochemshwa zinakadiriwa kutoa takribani mikrogramu 288. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji mikrogramu 300 kwa siku. Kwa hiyo bakuli dogo tu hukaribia kumtosheleza. Lakini zingatia neno rangi. Karotini ndiyo rangi yenyewe. Boga jeupe hushibisha kama boga jekundu, na huenda likawa kubwa zaidi, lakini karotini yake ni ndogo sana. Mhudumu anayeandika katika daftari kwamba mtoto "anakula maboga" bila kuuliza nyama yake ina rangi gani, ameandika nusu ya habari.

Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe na utumbo. Boga la kuchemsha tupu hupoteza sehemu ya faida yake. Boga lililopondwa na karanga zilizotwangwa laini, tui, au kijiko cha mafuta humfikia mtoto vizuri zaidi. Katika Mgeta kuna neema ya ziada, kwani mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa huko katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wangali wanafugwa katika kaya nyingi. Maziwa yao yaliyochemshwa vizuri, yakichanganywa na boga, ni uji bora kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Samadi yao nayo ndiyo chakula cha shimo la boga. Nasisitiza kuchemsha, kwa sababu maziwa mabichi huambukiza brusela. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake.

Chakula hiki hakiondoi matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Matone hayo ni akiba ya miezi, na boga ni riziki ya kila siku. Mzazi asiogope kwamba viwili hivyo pamoja vitazidi, kwa kuwa mwili hudhibiti wenyewe kiasi cha karotini unachokigeuza.

Kwa nini boga jekundu lilizaa jeupe

Sasa nirudi kwenye swali la bibi.

Mmea wa boga una maua ya namna mbili juu ya shina lilelile. Ua dume hutangulia kuchanua, nalo husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike huja baadaye, na utalitambua kwa kitunda kidogo kilicho chini ya petali zake. Wakulima wengi huhuzunika wanapoona maua ya kwanza yakianguka bila kuzaa, wakadhani mmea una ugonjwa. Yale ni madume tu, na kazi yao imekwisha. Maua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Katika saa hizo chache nyuki hubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Anaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, akatoka kwa jirani aliyepanda boga jeupe lililonunuliwa mjini, akatua kwenye ua la bibi.

Hapa pana jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Nyama ya boga hutengenezwa na mmea mama peke yake, haijalishi chavua imetoka wapi. Ndiyo maana boga alilolikata bibi lilikuwa jekundu, tamu na kavu kama siku zote. Mbegu zilizokuwa ndani yake, hata hivyo, zilikuwa na baba mgeni. Mchanganyiko ulikuwa umekwisha kutokea, ila haukuweza kuonekana kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi. Ulijitokeza msimu uliofuata, mbegu zile zilipopandwa na kuzaa. Bibi alichagua kwa uangalifu, na alichagua vema kadiri ya alichokiona. Kilichomponyoka ni baba.

Si kila mmea wa jamii hii unaweza kuchanganyika na boga. Tango, tikiti maji na mumunye wa vibuyu ni jenasi nyingine; chavua yao haizalishi kitu kwenye ua la boga. Maelezo ya kawaida kwamba boga "limeharibiwa na mumunye wa jirani" hayana msingi. Maboga yenyewe asili yake ni Amerika, yalifika Afrika baada ya safari za Wareno na Wahispania, na katika mapori yetu hayana ndugu wa karibu wa kuzaana nao. Wanaochanganyika kwa urahisi ni maboga ya spishi moja.

Utazitenganishaje spishi hizo? Tazama kikonyo mahali kinaposhika tunda. Kikiwa kinene, cha mviringo, laini kama kizibo, hilo ni boga la spishi ya Cucurbita maxima, ambalo huvumilia ubaridi vizuri zaidi na hufaa kwa vijiji vya juu. Kikiwa kigumu na kimepanuka kama nyayo pale kinapogusa tunda, ni Cucurbita moschata, lipendalo joto na lifaalo kwa miteremko ya chini. Kikiwa kigumu chenye pembe kali, bila kupanuka, ni Cucurbita pepo, ambamo ndimo zilimo zukini na vile viboga vidogo vya mapambo. Mwenye bustani anayepanda aina moja tu ya kila spishi, na ambaye majirani zake wamepanda kama yeye, ana nafasi kubwa ya kuihifadhi mbegu yake bila jitihada ya ziada. Katika miteremko ya Mgeta, ambako nyumba zimekaribiana, ni heri majirani wakubaliane kuliko kila mmoja apigane na nyuki.

Mkono badala ya nyuki

Kama makubaliano hayawezekani, kuna njia ya mkono, nayo haihitaji chombo chochote zaidi ya uzi.

Jioni tafuta chipukizi la ua jike ambalo ncha yake imeanza kuwa njano. Hilo litafunguka kesho. Lifunge ncha kwa uzi, lisiweze kufunguka lenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa maua dume mawili au matatu, na afadhali yawe ya shina jingine zuri la mbegu ileile. Alfajiri, chuma ua dume, ondoa petali zake, kisha fungua ua jike na umpake chavua katikati yake kwa utaratibu. Funga tena ua jike mara moja, liachwe hivyo hadi linyauke lenyewe. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo chake ili tunda hilo lijulikane na wote nyumbani, maana boga la mbegu likichanganywa na mengine kazi yote imepotea. Mashina yenye matunda hayo yasichumwe msusa.

Tunda la mbegu liachwe shambani hadi likomae kabisa: kikonyo kikauke, na ukucha wa dole gumba usiweze kutoboa ganda. Lichumwe pamoja na kipande cha kikonyo, likae ndani penye hewa kwa majuma matatu hivi, maana mbegu huendelea kujaa hata baada ya tunda kuchumwa. Ndipo likatwe.

Kukata ndiyo saa ya uamuzi. Wengi huchagua boga kubwa kuliko yote. Mimi ningesema ukubwa uwe wa mwisho. Tanguliza rangi: weka vipande vya maboga yote kando kwa kando kwenye mwanga wa mchana, si mbele ya moto wa jiko, na utaona tofauti ambazo usiku hazionekani. Kisha onja kipande kibichi, kidogo kama punje ya hindi. Kisha pika, kwa sababu boga linalopondeka likiwa kavu humfaa mtoto kuliko lenye majimaji, ambalo humjaza tumbo kwa maji. Kumbuka pia lile shina ambalo halikuugua, na lile lililozaa mapema kabla ya baridi ya Juni na Julai. Usiitegemee mbegu ya tunda moja hata likivutia namna gani. Changanya za matunda matano au zaidi yaliyofaulu, ili uzao usidhoofike.

Mbegu zioshwe hadi utelezi utoke, zianikwe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, na zisiwekwe juu ya dari la jiko penye joto kali, kwani kiini hufa. Mbegu iliyokauka sawasawa hukatika ukiikunja. Ambayo bado ina maji hupinda. Zikihifadhiwa katika chombo kikavu kinachofunga, pamoja na majivu makavu yaliyopoa, huweza kuota hata baada ya miaka minne. Kabla ya msimu, jaribu kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu: zikiota nane, ni nzuri; zikiota nne, panda mara mbili.

Mbegu chotara za dukani ni habari nyingine. Huzaa vizuri mara moja, na ukizitunza, watoto wake hawafanani na mama. Anayenunua atafute pakiti yenye lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), ambayo makao yake yapo Morogoro kwetu. Mbegu zilizopakwa rangi nyekundu, bluu au kijani zimetiwa dawa ya kuua kuvu. Hizo ni za kupandwa tu. Zisikaangwe, zisioshwe kwa kudhani sumu itatoka, wala mfuko wake usihifadhiwe unga.

Boga chungu

Nilisema onja kipande kibichi, na sikusema hivyo kwa ajili ya utamu peke yake.

Mimea ya jamii ya maboga ina uwezo wa kutengeneza sumu chungu iitwayo kukurbitasini, ambayo mababu zake wa porini waliitumia kujilinda na wanyama. Kwa karne nyingi wakulima waliichuja kwa kukataa kupanda mbegu za matunda machungu. Uchungu huweza kurejea pale aina ya kuliwa inapochavushwa na viboga vya mapambo vya spishi ileile, kisha mbegu zikatunzwa na kupandwa. Mwaka 2015 katika mji wa Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini zilizolimwa katika bustani ya nyumbani. Mkewe, aliyekula kidogo kwa sababu ya uchungu, alipona. Nchini India watu wamepoteza maisha kwa kunywa maji ya mumunye chungu wakiamini ni dawa, hata Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaunda kamati ya wataalamu kulichunguza jambo hilo. Mumunye, ingawa hauchanganyiki na boga, hubeba sumu hiyo hiyo.

Kupika hakuiondoi sumu hii, wala chumvi, wala sukari. Boga, zukini au mumunye wenye uchungu utupwe wote, na mbegu zake zichomwe. Wala tusimlazimishe mtoto anayetema chakula; mzazi aonje kwanza. Wazee wengine hawahisi uchungu vizuri, basi aonjaye awe kijana wa nyumba.

Kwa mhudumu wa zahanati: mgonjwa aliyekula boga chungu huanza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha, wakati mwingine kwa damu, dakika chache au saa kadhaa baada ya kula, na shinikizo la damu huweza kushuka. Dalili hizi tumezoea kuziita sumu ya chakula au kipindupindu, na hatuulizi zaidi. Uliza kama chakula kilikuwa chungu, na nani mwingine alikila. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu. Tiba ni kurudisha maji mwilini, kwa mdomo au kwa mshipa, na kumpa rufaa mapema mwenye kutapika damu, mwenye kuzimia, mtoto mdogo na mjamzito.

Maswali ya wagonjwa wangu

Mwenye kisukari huuliza kama boga limekatazwa. Halijakatazwa, lina wanga mdogo kuliko viazi na ugali, lakini lihesabiwe kuwa sehemu ya wanga wa mlo huo, si nyongeza juu yake. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asile boga wala mbegu zake kabla ya kuzungumza na daktari wake. Anayetumia warfarini asile msusa mwingi juma moja na kuuacha juma linalofuata, kwa kuwa vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile, na amweleze daktari.

Mbegu za maboga zimesifiwa kuwa tiba ya minyoo na ya tezi dume. Ni chakula kizuri. Hazichukui nafasi ya dawa ya minyoo inayotolewa kliniki, na mzee anayekojoa kwa shida aje apimwe. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe mbegu nzima wala karanga nzima. Tumezitoa mbegu katika njia za hewa za watoto waliokuja wakidhaniwa wana nimonia, na si wote waliofika kwa wakati. Mbegu zake zitwangwe ziwe unga.

Jambo la mwisho ni dawa za mashambani. Boga lililopandwa ukingoni mwa kabichi hupokea kila kinachopulizwa kwenye kabichi. Msusa wa mahali hapo usichumwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kupita, na ni vema zaidi boga la kula nyumbani lipandwe mbali, upande wa juu wa mteremko. Tena dawa isipulizwe asubuhi. Maua yako wazi saa hizo na nyuki wamo ndani; wakifa, vitunda vitaoza vikiwa vidogo kama ngumi, na mkulima atarudi dukani kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Bibi alipanda tena mbegu zile zilizochanganyika, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Alichimba mashimo kumi karibu na banda la mbuzi, kila moja mbali na jingine kwa hatua mbili, akazika mbegu tatu tatu. Katika maboga yaliyokomaa, mengi yalikuwa ya njano hafifu, na matatu yalikuwa mekundu kama yale ya mama yake. Kati ya hayo matatu, mawili yalikuwa na uzi kwenye kikonyo. Wataalamu wa kilimo wanasema itamchukua misimu kadhaa ya kuchagua na kufunga maua hadi rangi itulie. Mjukuu sasa anatembea, viganja vyake vimerudi rangi yake ya kawaida, na mara ya mwisho walipokuja ndiye aliyekuwa amebeba furushi la mbegu.